Mate ya Mzee Mithika

Ncoolo ilikuwa mezani, na mzee Mithika hakuinyooshea mkono.

Joyline aliyaona hayo akiwa nyuma ya pazia la jikoni, sufuria ya chai ikimuunguza vidole bila yeye kujua. Sebuleni walikaa watu wa Embu waliokuja kumposa. Kijana mwenyewe, Nyaga, aliinamisha uso. Msemaji wao alikuwa ami yake, Ireri, aliyepanda hadi Maua kuitafuta hiyo ncoolo, miraa ya posa iliyochaguliwa kijiti kwa kijiti na kufungwa kwa majani ya mgomba, maana aliambiwa Mwigembe, Mmeru wa kule, haombwi binti kwa maneno matupu. Mithika alihamia Timau zamani kulima viazi na ngano, lakini Uigembe wake alihama nao. Baba akitafuna kijiti cha kwanza, posa imekubaliwa. Asipotafuna, wageni huchukua kofia zao na habari imekwisha.

"Mzee," Ireri akasema, "mbona unaacha jani linanyauka?"

"Siwezi kutafuna leo. Nimetoa ahadi."

"Kwa nani?"

"Kwa madaktari."

Jameni! Joyline alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliyemfanya mzee atoe hiyo ahadi ni yeye mwenyewe.

Mambo haya yalianzia kwenye harusi ya Susan, dada yake mkubwa. Katika ukoo wao baba humtemea binti mate viganjani, na hiyo ndiyo baraka anayotoka nayo nyumbani. Siku ile Mithika alijaribu kwanza kwenye kiganja chake mwenyewe, akaona damu. Fizi zilikuwa zimeoza na meno yanacheza. Baraka yenye damu ni laana, hilo hata mtoto wa nasari anajua. Akafumba ngumi, akamwambia ndugu yake abariki badala yake, na hakumweleza mtu sababu. Watu wakasema hampendi msichana. Susan alilia njia nzima. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila huyu mzee kiburi chake kilimuumbua mtoto wake kwanza.

Joyline alikuja kuigundua hiyo damu kwenye mswaki wa mzee. Wakati huo alikuwa amepata kazi mjini Meru, kwenye kliniki iliyokuwa ikifanya utafiti wa chanjo ya ugonjwa wa fizi. Akamburuta baba yake huko. Wakamsafisha meno, kisha wakawa wanamtia matone chini ya ulimi. Wengine walipewa chanjo na wengine maji tu, na hakuna aliyejua nani kapewa nini.

"Vile vijidudu vinajificha chini ya ufizi, Baba," alimweleza. "Mwili unavipiga vita, lakini hiyo vita yenyewe ndiyo inakula fizi na mfupa unaoshika meno. Chanjo ya sindano inaweka askari kwenye damu. Hii wanataka iweke askari mlangoni, kwenye mate. Ndiyo maana wanayapima mate yako. Na miraa inakausha mdomo, tena maji yake yanaharibu kipimo. Ukitafuna hata kijiti kimoja kabla ya kutoa mate ya mwisho, unaondolewa."

Mithika, aliyetafuna tangu ujana, akaacha siku hiyo hiyo. Mate ya mwisho yalikuwa ya Jumatatu. Posa ikaangukia Jumamosi, siku mbili kabla, na Joyline akaikubali tarehe bila wasiwasi. Alidhani baba yake atashika kijiti na kukiweka chini, kama wanavyofanya wazee wa kanisa wasiotafuna. Alisahau anamzungumzia nani. Kwa Mithika, kushika bila kutafuna ni kumdanganya mgeni mchana kweupe.

"Maelezo hayatafunwi, mzee," Ireri akasema, sasa kwa ukali. "Kama hututaki, tuambie twende. Embu ni mbali."

Ciakuthii, mama yake Joyline, akaingia jikoni kama upepo. "Wewe ndiye ulimfunga baba yako mdomo. Mfungue!"

Joyline akampigia Daktari Ruguru, mkubwa wake. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikapokelewa.

"Mate ya Jumatatu, daktari, yanaweza kutolewa leo?"

"Leo bado iko ndani ya muda. Lakini iwe kabla ya jani, si baada. Na ajaze chupa hadi kwenye mstari."

Chupa zilikuwepo, na sanduku la barafu pia, kwa kuwa Jumatatu alfajiri angepitia wagonjwa wengine wa Timau. Susan, aliyekuja kusaidia kupika, akalibeba sanduku. Joyline akaingia sebuleni, mahali ambapo msichana anayeposwa haingii bila kuitwa.

"Baba, tema hapa."

Ireri akaruka wima. "Anatema mate mbele ya ncoolo yetu? Hii si ni kutufukuza!"

"Kaa chini, bwana Ireri," Mithika akasema. "Natafuta njia ya kukula kitu chako."

Akaweka chupa mdomoni. Wapi! Mdomo ulikuwa mkavu kwa hofu. Akainama, akakunja uso, kikatoka kitone kimoja. Wageni wote walikuwa wamesimama sasa, kofia mkononi. Kwa mara ya kwanza Joyline akamwona baba yake akiogopa.

"Mfikirishe chakula," Joyline akamnong'oneza mama yake, aliyekuwa amewafuata.

Ni Ireri aliyesikia. Akamtazama mzee aliyeinama pale kama mtoto aliyepewa adhabu, ukali ukamtoka. "Yule mbuzi tumemfunga hapo nje," akaanza polepole, "ni mnono, wee! Mbavu zake ukizigeuza kwenye makaa, mafuta yanadondoka. Halafu chumvi..."

"Na mutura, ule utumbo uliojazwa nyama," akadakia Nyaga, aliyekuwa hajasema neno tangu afike.

Mithika akacheka puani, na mate yakaja. Yakafika kwenye mstari. Joyline akafunga chupa, akaizika kwenye barafu. Mzee akavuta kijiti kutoka kwenye ncoolo, akakimenya, akatafuna mbele ya watu wote. Ciakuthii akapiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika.

Joyline akapiga magoti, viganja wazi. Mithika akatema kwanza kwenye kiganja chake mwenyewe, kama siku ile, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Mate yalikuwa ya kijani kwa jani, na hayakuwa na damu hata chembe. Kama ni chanjo, au ni maji na ule mswaki, hakujua, wala hakuuliza.

Hakumgusa Joyline bado. Aligeuka mlangoni, alikosimama Susan na sanduku lake.

"Weka hiyo chini, Susan," akasema. "Njoo wewe kwanza. Viganja vyako vinanidai tangu harusi yako."