Kijiji cha Juu Kabisa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ndogo ya safari pale Nizwa, mudiri, mkuu wa ofisi, alinitandazia ramani ya milima ya Alps ya Ulaya mezani. "Mteja akitaka theluji, wewe ndiye utakayemchagulia pa kwenda," akaniambia. Nilikuwa mtu mzima, watoto wangu wakubwa, na barafu nilikuwa naijua ya friji tu.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa Zuwena, muuguzi wa Birkat al Mauz. Alikuwa na likizo ya wiki moja, na yeye na mumewe walitaka kujifunza kuteleza kwa ubao juu ya theluji. Nikafikiri kikwetu: joto likizidi tunapanda mlima wetu wa Jabal Akhdar, na anayefika juu zaidi ndiye anayestarehe. Basi nikawachagulia kijiji cha juu kabisa, nikajiona hodari kweli.

Siku yao ya pili kule akanipigia simu.

"Shikamoo, Bi Asya. Huku njia zote nyekundu na nyeusi! Nimeteremka kwa makalio, wallahi. Mume wangu anasema turudi zetu."

Wakirudi, likizo yake imekwenda bure, na kazi yangu pia. Nikamwendea mudiri nikakiri. Hakunigombeza.

"Khalas, limeshakuwa. Shika simu, uliza watu wa huko, usiulize ramani."

Nilipiga simu mpaka sikio likawaka moto. Ndipo nikajua kuwa njia nyekundu na nyeusi ni za waliokwisha kuzoea. Anayeanza anataka za kijani na buluu, uwanja mpana wa kujifunzia, mkanda wa mashine wa kumpandisha mlimani taratibu, na mwalimu mwenye subira. Kijiji cha namna hiyo kilikuwapo chini zaidi, mwendo wa saa moja kwa basi. Wakahamia siku ile ile.

Mwisho wa wiki ikaja video. Zuwena anateremka, mikono kaitandaza, anapiga kelele, "Nimesimama, Bi Asya! Nimesimama!" Mudiri aliitazama mara tatu, akaagiza kahawa na halua.

Baadaye nilihamishiwa ofisi yetu ya Ibra kuwa msimamizi, na kila mteja nilimuuliza kwanza anaogopa nini. Mwaka jana nilistaafu. Wiki za mwanzo nilizunguka jikoni nikiwanunia watu bure, maana hakuna aliyeniuliza kitu.

Juzi Zuwena alinipigia. Anawapeleka wadogo zake wakajifunze, na kijiji amekichagua mwenyewe. Nikamsaili kila kitu: njia, mkanda, mwalimu. Nikatafuta kosa, nikalikosa.

"Sikutaka ushauri, Bi Asya," akasema. "Nilitaka ujue tu."

Nilipokata simu nililia kidogo, kwa raha.