Siku Nilipowaita Wafiwa Kwenye Besiboli

Jambo hili nimelificha miaka miwili, na ningelificha mpaka kaburini kama shangazi yangu asingekuwa akilisimulia kila penye harusi, tena kwa kulitia chumvi, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mie mwenyewe niliyeaibika, mcheke mara moja, tumalizane.

Mie Muna, kwetu Ibra, huku Oman, ingawa nilizaliwa Tabora na mpaka leo shangazi yangu huyo, Bi Zuwena, Mzanzibari wa mjini hasa, hunisahihisha Kiswahili changu cha bara mbele za watu. Nilikuwa na kazi yangu nzuri ya uhasibu, ya kiyoyozi na likizo, nikaiacha kwa akili zangu timamu nikaenda kuajiriwa na timu ya besiboli. Besiboli, ndiyo, ule mchezo wa kuupiga mpira kwa gongo kisha unakimbia kuzunguka vituo vinne mpaka unarudi pale ulipoanzia (kila niliyemweleza aliniambia "Aa, krikiti!", mwisho nikachoka kubisha). Mwenye timu, Bwana Talal, mfanyabiashara wa Maskati, alileta wachezaji ishirini wa kulipwa, wengi wao kutoka Sri Lanka na Pakistani, akakodi uwanja nje kidogo ya Ibra, njia ya kwendea Sur, akaweka viti elfu moja na mia tano, na fedha zake zikaanza kukauka kabla hata mpira wa kwanza haujarushwa. Tegemeo likabaki moja tu: kampuni ya maji ya chupa iliyosema itabeba gharama za msimu mzima, ila kwa sharti kwamba mechi ya kwanza ijaze japo nusu ya viti. Kazi ya kuuza tiketi na kukadiria watakaokuja nikapewa mie.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, dogo kabisa. Nilizunguka maofisini na madukani, Ibra, Samail mpaka Nizwa, nikauliza na kwenye magurupu ya familia kwenye simu, "Mtakuja Ijumaa?", na kila mtu alinijibu neno moja, "Insha'Allah." Nanyi mnazijua insha'Allah zetu, kuna ya kuja, kuna ya kutokuja, na kuna ya hebu niondokee nina kazi zangu, nami nilizijua vilevile, si mgeni hapa. Lakini Bwana Talal alitaka idadi kabla ya adhuhuri, na kwenye karatasi yangu palikuwa na safu ya ndiyo na safu ya hapana, basi. Nikazitia zote kwenye ndiyo. Zikafika elfu moja na mia mbili.

Karatasi ile ikaenda kwa watu wa maji, wakafurahi, Bwana Talal naye akafurahi akakodi mahema ya kivuli na mabasi ya kuwaleta watu, na mie nikasifiwa mbele ya ofisi nzima. Jioni yake nahodha wa timu, kijana mpole wa Sri Lanka aitwaye Nuwan, alinifuata mezani akaniuliza kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, "Dada Muna, watu watakuja kweli? Mke wangu anataka kuacha kazi kwao anifuate huku." Nikamwambia, mwambie aache.

Ijumaa yenyewe ikafika, Ijumaa ya kwanza yenye hewa ya baridi baada ya lile joto letu, na hicho ndicho kilichotumaliza, maana Ibra nzima ilibeba mikeka na mishkaki ikaenda zake bonde la Wadi Bani Khalid, kwenye mabwawa, kuogelea. Saa kumi alasiri mchezo ulipoanza, viti elfu moja na mia tano vilikaliwa na watu kumi na mmoja, wawili kati yao walikuwa wanakwenda Jalan wakapotea njia. Mabasi yalirudi matupu. Bwana Talal alikuwa amekaa mbele kabisa na mkubwa mmoja wa kampuni ya maji, kila mara anageuka kunitazama, nami namwonyesha kwa mkono, wanakuja, wanakuja. Na mume wangu Said, mwalimu wa skuli, niliyemwomba aje kunisaidia kugawa maji, alikuwa amejinyoosha kwenye kivuli nyuma ya makatoni, usingizi fofofo.

Nikaenda pembeni nikampigia shangazi, aliyekuwa kabaki Ibra na jamaa zetu kwenye khitma ya jirani, kwa sababu Bi Zuwena akisema twendeni, ukoo mzima unavaa viatu. Nilikuwa nalia, upepo unavuma, na spika za uwanja zinapiga muziki kichwani kwangu.

"Shangazi, shikamoo, tumekufa huku! Njooni! Njooni na watu wote!"

"Innalillahi! Lini?"

"Sasa hivi! Hapa uwanjani!"

"Mwanangu, usilie. Na Said yuko wapi?"

Basi nami kwa hasira za kulala kwake nikamjibu, "Said huyu hapa, kajilaza chini, hata hana habari ya dunia!"

Nikasikia kelele, simu ikakatika. Nikafuta machozi. Nikajisemea, alhamdulillah, watakuja.

Wakaja kweli. Haikupita nusu saa nikaona magari yanaingia kwa msururu, taa zinawaka, na Bwana Talal akasimama kwa furaha akamwambia mgeni wake kwa Kiarabu, "Umeona? Hawa wetu huchelewa, lakini huja!" Mgeni akatikisa kichwa akacheka, akatoa simu apige picha. Nami kwa dakika moja ile, wallahi, nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Oman.

Kisha wakashuka. Wanawake wote mabaibui meusi, wanalia, na chupa za kahawa mkononi. Wanaume wamebeba misahafu. Nyuma yao pikapu, na juu ya pikapu jeneza la msikiti. Bi Zuwena mbele, kashikwa huku na huku, na kitambaa cheupe kimekunjwa kwapani, nami nilipokitambua kuwa ni sanda nikaelewa alivyonisikia kwenye simu.

"Yuko wapi maskini? Nionyesheni nimwone uso!"

Mrushaji alikuwa ameinua mkono arushe mpira, akaushusha. Nuwan akavua kofia, na wenzake wote wakavua, wakajipanga mstari vichwa chini, maana waliona kweli kuna maiti. Muziki ukazimwa. Na katika kimya kile Said akaamka, akainuka nyuma ya makatoni, nywele zimesimama, akauliza, "Kuna nini? Nani kafa?"

Bi Zuwena alimtazama, akalitazama jeneza, akamtazama tena. "Wewe!" akasema. "Si wewe?"

Yaliyofuata sitaki kuyakumbuka lakini nayakumbuka yote. Wengine walimkimbilia Said kumkumbatia, wengine walinizunguka mie kunigombeza, mjomba mmoja akasema walikuwa washatafuta wachimbaji wa kaburi, na shangazi akaninyooshea kidole, "Nimeacha wali jikoni! Nimevunja khitma ya watu! Kwa ajili ya mpira?" Yule mkubwa wa maji akaja taratibu akaniuliza nani aliyefariki. Nikamwambia hakuna, nilisema tumekufa kwa kukosa watazamaji. Akaniuliza, basi wale elfu moja na mia mbili ulioandika wako wapi? Sikuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia walisema insha'Allah.

Akamgeukia Bwana Talal, akampa mkono kama mtu anayetoa pole kwenye msiba, akaondoka. Bwana Talal hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliniambia tu, "Andika idadi ya leo, Muna. Ya kweli." Nikaandika: watazamaji sabini na mmoja, sitini kati yao wamekuja kuzika. Hiyo ndiyo hadhira kubwa kuliko zote timu ile iliyopata kuwa nayo.

Mwezi haukuisha, timu ikafungwa. Siku Nuwan alipokuwa anafunga mizigo nilikwenda kumuaga, nimejiandalia maneno ya kumwomba radhi, akanikatiza akaniambia mkewe alishaacha kazi tangu wiki ile, lakini si kitu, atatafuta nyingine, na ahsante dada kwa yote uliyotufanyia. Ahsante! Nililia njia nzima kurudi nyumbani, na Said anaendesha.

Sasa nafanya hesabu za kiwanda kidogo cha tende Samail, tende hazikudanganyi, ukizipima zimepimika. Watu wakiniuliza watakuja wangapi, hata kwenye shughuli ya ndugu yangu mwenyewe, nasema sijui, nitawaambia wakishakaa. Na nikijiona machozi yananilengalenga, simu naizima, naiweka kabatini, nalia peke yangu mpaka nimalize.