Mdomo wa Baba

Walimwita Mdomo wa Baba tangu akiwa na miaka mitano, wala hakukasirika, maana ndivyo ilivyokuwa. Baba yake, fundi seremala, ni kiziwi. Mteja akija kulalamikia mlango uliopinda, binti yake ndiye aliyesimama katikati, masikio kwa huyu, macho kwa yule. Akawatukana watu wazima kwa niaba ya watu wazima wenzao, na hakuna aliyemchapa. Hebu niambie, mtoto gani mwingine anapewa ruhusa hiyo?

Ukubwani kazi hiyohiyo ikawa riziki yake. Akafundisha katika shule ya bweni ya viziwi, ileile aliyosoma baba yake, na palipohitajika mkalimani, akaitwa yeye. Sheria ya ukalimani ni moja, tena ngumu kuliko inavyosikika: mtu akisema "mimi", nawe sema "mimi". Usipunguze, usiongeze, hata maneno yakikuchoma koo. Miaka ishirini hakuivunja.

Kisha ukaja ule mkutano. Wakubwa wa elimu walitaka shule ifungwe, watoto wakasome na wenzao wanaosikia, karibu na nyumbani. Wazazi na waliowahi kusoma pale wakaitwa ukumbini wapige kura. Mwalimu wetu alikuwa na msimamo wa chuma. Bwenini ndipo mtoto kiziwi anapokutana na watu wanaomwelewa, basi anayetaka kumtoa pale hampendi. Mwenyekiti alimwahidi nafasi ya kusema mwishoni, akishamaliza kuwatafsiria wengine.

Baba yake aliponyanyuka, binti hakuwa na wasiwasi. Mzee si alilelewa na shule ile? Atasema nini zaidi ya kuisifu?

"Mimi nasema ifungwe," mikono ya mzee ikasema.

"Mimi nasema ifungwe," binti akatafsiri, na ukumbi ukaguna.

"Nilipelekwa pale nikiwa na miaka sita," mzee akaendelea. "Nikajifunza kuzungumza kwa mikono, nikafurahi. Nikarudi nyumbani kijana mkubwa, mama yangu hajui ishara hata moja. Amekufa hatujawahi kuzungumza."

Hapo, jamani, mtu wa miaka ishirini kazini akateleza. Yeye bibi yake alimjua kwa picha ya ukutani tu. Hili hakuwahi kuambiwa. Akajua pia kwamba sentensi ile, ikisemwa ilivyo, inaweza kuifunga shule. Kinywa chake kikatoa: "Nilimkumbuka sana mama yangu."

Mzee hakukaa. Aliupitia ukumbi safu kwa safu, uso kwa uso, kisha akamgeukia binti yake. "Hujasema nilichosema."

"Nimesema, Baba."

"Hujasema. Ungesema, kuna ambaye angeinamisha kichwa. Yule mama pale bado anatafuna karanga."

Basi akaumbuka kwa ajili ya karanga. Akapiga moyo konde, akawageukia watu. "Nisameheni, mkalimani amekosea." Akairudia sentensi neno kwa neno. Yule mama wa karanga akainamisha kichwa. Maisha yake yote amekuwa mdomo wa mtu huyu, na kumbe hakuwahi kumuuliza jambo kwa niaba yake mwenyewe.

Zamu yake ikafika. Akasema kwa kinywa na mikono kwa pamoja, ili baba yake asipitwe na neno.

"Bado naona shule isifungwe. Nilikuja niwaambie kwamba wanaotaka ifungwe hawawapendi watoto. Hilo nalifuta. Lakini shule ikibaki, mzazi asimwache mtoto langoni akaondoka. Kila Jumamosi aje darasani, ajifunze ishara kama mwanawe."

Shule ikabaki, kwa kura tisa tu, na sharti la Jumamosi likaandikwa. Mzee alipiga kura ya kuifunga, mkono juu kabisa, huku binti yake akimtazama. Mwenzenu angenuna. Yeye alimwangalia baba yake kama mtu anayemwona leo kwa mara ya kwanza.

Jioni wakakaa jikoni kwa mzee, chai mbele yao.

"Bado sikubaliani nawe," mzee akasema.

"Najua, Baba."

"Watoto wa miaka sita wataendelea kulia kule bwenini."

"Watalia."

Mzee alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini, maana kiziwi mwenye kikombe mkononi ni sawa na mtu mwenye tonge mdomoni.

"Lakini hilo la Jumamosi," akasema polepole. "Mama yangu angekuja."

Jikoni hakukuwa na mwingine wa kutafsiriwa. Binti akasema hata hivyo, kwa sauti, bila kupunguza wala kuongeza: "Mama yangu angekuja."