Siafu na Ndama wa Mama Mkwe

Siafu sina hamu nao kabisa. Nikimwona mmoja tu ukutani, mwili unanisisimka nikatema mate. Na hawana macho wale, jamani! Anatangulia mmoja anapapasapapasa, anaacha harufu yake chini, wenzake wanaifuata mpaka penye nyama.

Kwetu, juu ya Mlalo, hawakufukuzwa. Wakiingia mnatoka, mnawaachia wale panya, mende na kunguni, kisha mnarudi nyumba imetakata. Mama mkwe alipenda kusema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa maziwa yangu yalikauka, na mtoto bado mchanga. Aliishi kwa maziwa ya ng'ombe wetu mmoja, ambaye hakuyashusha bila kumnusa ndama wake kwanza. Ndama alikuwa wa juzijuzi, tunamfunga ndani karibu na mafiga.

Siku moja tulikwenda shamba la kijiji, mama mkwe akabaki na mtoto. Niliporudi adhuhuri nilimkuta mama mkwe nje, mtoto mapajani, kuku kwenye tenga, mablanketi yamekunjwa. Hata kinu alikitoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usiingie, wageni wanasafisha."

"Na ndama?"

Akajiziba mdomo kwa kiganja.

Nilikimbilia kwa jirani nikachota majivu ya moto, nikayamwaga njia nzima, nikaingia. Astaghfirullah! Ndama alikuwa mweusi tii, na weusi wenyewe unatembea. Walikuwa wakiingia puani na kutoka mdomoni, wengine wamejazana chini ya kope. Alikuwa ameshakufa. Nilitapika palepale. Kwingineko nyumba ilikuwa safi, hata mende mmoja hukumwona.

Jioni mtoto akaanza kulia njaa. Mama mkwe alimchuna yule ndama, akaijaza ngozi majani makavu ya migomba, akaisimamisha mbele ya ng'ombe. Ilinuka damu, na siafu wawili watatu walikuwa bado wameng'ang'ania sikio. Nilitamani kukimbia. Ng'ombe akainusa, akaanza kuilamba, akawalamba na siafu. Maziwa yakashuka.

Mama mkwe alikamua huku machozi yanamtoka. Nikayachemsha yale maziwa, nikamnywesha mtoto kwa kijiko. Aliyamaliza yote, akacheua, akalia kutaka tena. Mimi, mpaka leo, maziwa sijayatia mdomoni.