Wamekagua Rangi na Urefu, Damu Hawataki Ipimwe

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana watu wa ukoo huu kusoma hawapendi, ila umbea wa kwenye simu hauwapiti. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nimeolewa huku Kharumwa. Mume wangu ana karasha la kusaga mawe ya dhahabu upande wa Geita, na ng'ombe wa baba yake wanamfanya ajione mtemi. Tuna mtoto mmoja wa kike, nimwite Neema, ana miaka sita. Neema ana selimundu, ile wengine mnaiita sikoseli. Aliyewahi kukesha na mtoto analia mifupa inauma atanielewa.

Siku tulipopewa majibu, daktari alituelezea kwa Kiswahili cha kawaida kabisa. Alisema mtoto haugui hivi mpaka arithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama, kila mzazi anatoa nusu yake, na mwenye nusu anaweza kuishi mzima hadi uzee bila kujua. Mimi nililia, nikakubali. Mwenzangu alikuwa anatikisa kichwa kama msomi. Tulipofika nyumbani akamwambia baba yake kuwa ugonjwa nimekuja nao mimi. Baba mkwe akasema ukoo wao hauna damu mbovu. Mzee huyo huyo amezika wajukuu waliokuwa wanavimba vidole na kuwa na macho ya njano, na mpaka leo anasema walilogwa.

Sasa wameamua Baba Neema aongeze mke, eti apate mbegu nzuri. Wamempata binti huko Ushetu, kwao wanalima tumbaku, ana miaka ishirini na moja. Huku kwetu Usukumani mnajua mambo yetu, binti akiwa mweupe ng'ombe wanaongezeka. Basi wazee walienda kumkagua, wakarudi wanamsifia mpaka aibu nikaona mimi. Mweupe, mrefu, miguu imejaa, na shule alikuwa anashika namba za juu. Baba mkwe akatangaza mbele yangu kuwa sasa atapata wajukuu warefu weupe wenye akili, siyo hiki kijiti. Kijiti ni Neema, na alikuwa amekaa hapo hapo anakula.

Nilitamani kucheka. Mume wangu mwenyewe ni mfupi, ananifika begani. Mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, ni mrefu anainama mlangoni. Tofauti ni kwamba yule alilelewa Shinyanga mjini kwa shangazi, akala akashiba, akasoma. Huyu wangu alichunga ng'ombe tangu mdogo, anashinda na njaa, malaria kila msimu. Urefu na akili vinatoka kwa mababu wengi, halafu bado kuna chakula, maradhi na shule. Hakuna binti anayebeba vyote hivyo kiunoni akaja kuvimwaga kwenu. Hata rangi huwezi kupanga mtoto atoke vipi. Kitu kimoja tu ndicho wangeweza kukijua mapema kwa kutobolewa kidole, na hicho ndicho hawakitaki.

Na watu hawa wakinunua dume la ng'ombe wanauliza mama yake alitoa maziwa kiasi gani, na kama zizi alikotoka kuna ugonjwa. Dume linaulizwa hivyo. Mke anaangaliwa ngozi.

Mwezi uliopita binti alikuja na shangazi yake kuuona mji atakaoolewa. Nilitegemea kumchukia, nikashindwa. Ana adabu, alinifuata jikoni akashika mwiko bila kuambiwa. Akamwona Neema amelala kwenye mkeka, miguu imevimba. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, mdogo wangu alikuwa hivi hivi. Alifariki akiwa darasa la pili." Maana yake na yeye anaweza kuwa na ile nusu, na mume wangu anayo, huo siyo ubishi. Wakikutana wenye nusu wawili, kila mimba ni kubahatisha kupata Neema mwingine.

Walipoondoka nikamwambia mume wangu waende wakapime wote wawili kabla ng'ombe hawajatoka. Akasema ni wivu. Nikamkumbusha maneno ya daktari, akasema basi labda mtoto si wake. Mwanaume huyo, na Neema ana masikio yale yale ya kusimama kama yake. Kuna ujinga ukiujibu unakuwa umeupa heshima. Ndipo akasema lile lililonifunga mdomo. "Ukimwambia yule binti neno moja, unarudi kwenu. Neema anabaki hapa, nilikutolea ng'ombe."

Na kwa mila, mahari ikishatoka mtoto ni wa ukoo wa baba, anabaki kweli. Atabaki na bibi yake, ambaye nikisafiri siku mbili tu nakuta vidonge vya mtoto vimetupwa, ananyweshwa maji ya mizizi. Mara ya mwisho aliishia kulazwa, akaongezewa damu. Nikiondoka hapa sijui kama mwanangu atamaliza mwaka.

Ng'ombe wanapelekwa Ushetu Jumamosi hii. Ndugu wa mume wanashona sare, mume wangu amenunua viatu vyenye kisigino ili asionekane mfupi pembeni ya bibi harusi. Na leo asubuhi nimepata ujumbe kutoka kwa yule binti.

"Shikamoo dada. Nimekosa wa kumuuliza, naomba uniambie ukweli kama mdogo wako. Neema anaumwa nini?"

Ameshaona kuwa nimeusoma. Ninyi mnaosoma hapa, mlio na watoto na mlio na dada zenu, niambieni nimwandikie nini.