Aliyeshindwa Huosha Sufuria

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mwiko mrefu kuliko mimi, nikaambiwa nisimame mbali na sufuria. Aliyenipa alikuwa Sista Mkuu wa Jiko katika nyumba ya watawa hapa Ifakara. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, mwaka ule ule tuliomzika mama. Baba alikuwa ametangulia. Nyuma yangu walikuwepo wadogo zangu watatu, na wa mwisho, Deo, alikuwa bado anabebwa mgongoni.

"Wewe ndiye mkubwa wao?" Sista aliniuliza.

"Ndiyo, Sista."

"Basi anza na wali. Ajuaye kupika wali katika bonde hili hakosi kazi."

Sista hakunidanganya. Nimepika wali hadi nimestaafu. Alinifundisha kwamba mchele mpya hunywa maji machache na mchele wa mwaka jana hunywa mengi, kwa hiyo mpishi huuliza umri wa mchele kabla ya kuwasha moto. Alinifundisha kupalia: maji yakishakauka unapunguza moto wa chini, unafunika, kisha unaweka makaa juu ya mfuniko ili wali uivie kwa joto la juu. Chini ya sufuria hubaki ukoko. Wanaoula huusifu, ila muulize anayeosha.

Nieleze jambo moja la nyumbani, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini mpira ulinigusa. Mtaani kwetu kukiwa na msiba, kila nyumba huchangia: unga, kuni, chochote. Baada ya mama kufa, mkusanya michango alikuwa akifika mlangoni kwetu anasema, "Hapa ruka, ni yatima," anakwenda nyumba ya pili. Alikuwa mtu mwema. Lakini mimi nilikuwa nimesimama ndani nikimsikia. Siku moja nilijitwika mzigo wa kuni nikaupeleka msibani mwenyewe. Mwenyekiti wa mtaa akaniambia, "Skola, nyinyi mmesamehewa."

"Nani alituombea msamaha?" nikamuuliza.

Walicheka, ila kuni wakazipokea. Jioni ile mama mmoja alinituma maji kwa ukali, kama alivyowatuma wasichana wengine wote, na mimi nikajisikia mtu wa mtaa.

Kutoka kwa masista nilikwenda kwenye mgahawa wa Bwana Hemedi, mfanyabiashara aliyetoka Pwani na kufungua duka na mgahawa karibu na stendi. Yeye ndiye aliyenifundisha pilau. Ndiye pia aliyeleta televisheni ya kwanza niliyoiangalia kwa kukaa, na kanuni yake kuhusu washabiki ilikuwa moja. "Mteja ambaye timu yake imefungwa," alisema, "mpe chai. Usimuulize kitu mpaka kikombe kifike nusu." Nilipika kwake miaka mingi. Wadogo zangu wawili waliolewa na kuoa nikiwa pale, na Deo akajifunza udereva.

Kisha walikuja wajenzi wa barabara. Kambi yao ya kwanza ilikuwa Mkula, nami nikaajiriwa kuwa mpishi mkuu wa mesi, yaani jiko na bwalo la kulia la wafanyakazi. Deo akapata kuendesha boza la maji. Juu yangu alikuwepo Bwana Mesi, Mndamba mnene aliyepima chumvi kwa macho. Juu yake alikuwepo Mhandisi Mkuu, Mreno. Wageni walikuwa wengi, lakini nitawataja wawili tuliokaa nao kambi zote: Mhasibu, ambaye ni Mkenya, na mwendesha greda, Mzambia, ambaye kila mtu alimwita Bwana Greda.

Bwalo lilikuwa na televisheni kubwa, na Bwana Mesi alikuwa na sheria yake. Mechi ikiisha, washabiki wa timu iliyofungwa wanaosha sufuria zote za jioni. Sare, pande zote mbili zinaosha. Wapishi tunakwenda kupumzika. Hapakuwa na cheo ndani ya sheria hiyo. Nakumbuka jioni ambayo Ureno walifungwa kwenye Kombe la Dunia. Mhandisi Mkuu alikunja mikono ya shati bila kuambiwa, akaja jikoni, akachukua stilwaya na kuanza kusugua sufuria ya wali. Alisugua mpaka jasho likamtoka. Mwisho akaniangalia, akasema kwa Kiswahili chake cha kazini, "Mama Mpishi, huu wali umeupika au umeuchomelea?"

"Loweka kwanza, Mhandisi," nikamwambia. "Ukoko haushindwi kwa nguvu."

Nchi yetu ilipofuzu kwenda mashindano ya Afrika baada ya miaka mingi ya kutofika, kambi nzima ilifurahi, na wageni walifurahi kutuzidi. Hapo ndipo nilipoanza kuona namna wanavyotutazama. Mhasibu alisifu jezi zetu. Bwana Greda alisifu wimbo wetu wa taifa. Wengine walisifu washabiki wetu, jinsi wanavyocheza ngoma jukwaani. Hakuna aliyesema neno juu ya mpira wenyewe. Nyinyi vijana shikeni hili: mgeni akimaliza kusifu nguo na nyimbo halafu akanyamaza, ujue hana anachokitarajia uwanjani.

Siku ya mechi yetu na Kenya, Deo alikaa mbele kabisa. Tulitangulia, wakasawazisha. Tukatangulia tena, wakasawazisha tena. Mwisho wakatufunga la tatu. Deo aliinuka, akavua shati akabaki na fulana, akaingia jikoni kuchukua stilwaya. Sheria ni sheria. Mhasibu alimfuata akamshika mkono.

"Wacha tu, ndugu yangu. Nyinyi mumejaribu."

"Tumefungwa, Mhasibu. Tunaosha."

"Nyinyi kufika tu huko ni ushindi. Kaeni mpumzike, sisi tutaosha."

Na wakaosha kweli, Wakenya na Bwana Greda, huku wakicheka na kutuonea huruma ya dhati kabisa. Sikuona dharau hata kidogo usoni mwao. Deo alibaki amesimama ameshika stilwaya, hana pa kuipeleka. Aliniangalia, nami nikajua amesikia nilichokisikia mimi. Hapa ruka, ni yatima.

Mashindano yale tulifungwa mechi zote, na kila mara sufuria zilioshwa na wengine. Ikawa desturi. Watanzania wa kambi wengi waliipenda, maana nani anapenda ukoko? Mimi na Deo hatukuipenda. Siku moja nililipeleka jambo hilo kwa Bwana Mesi.

"Skola," alisema, "watu wanakuondolea kazi, wewe unalalamika?"

"Wanatuondoa sisi, Bwana Mesi. Kazi imebaki pale pale."

Alikuna kichwa. Alisema hana namna ya kumlazimisha mtu asiwe mwema.

Ikapita miaka. Kambi ikahamia Ifakara, kisha barabara ikatuvuta kuelekea Mbingu. Tukafuzu tena, na safari hii tukapangwa kundi moja na Zambia. Bwana Greda alipita dirishani pa jiko asubuhi kuchukua uji, ametulia kama mtu anayekwenda harusini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Unajua leo jioni?"

"Najua. Msihangaike na sufuria. Nimeshawaambia vijana wangu tutaosha sisi, hata tukishinda."

Niliweka chini upawa. Jioni, kabla mpira haujaanza, nilitoka jikoni na mwiko wangu nikasimama mbele ya televisheni. Katika miaka yangu yote sikuwa nimewahi kuzungumza bwaloni, kwa hiyo walinigeukia wote.

"Leo timu yetu inahesabiwa," nilisema. "Tukifungwa, tunaosha. Tukifungwa tano, tunaosha na masahani. Asiyekubali, kesho akatafute mamantilie wa barabarani ampikie."

"Mama, tunawahurumia tu," Mhasibu alisema.

"Huruma yenu nimeila inatosha. Nimeshiba."

Deo aliinamisha kichwa. Nadhani aliogopa. Hata mimi niliogopa, maana ukidai kuhesabiwa ni lazima uwe na kitu cha kuhesabu, na kitu chenyewe kilikuwa miguuni mwa vijana kumi na mmoja niliowaona kwenye kioo tu.

Zikapigwa nyimbo za taifa. Kama mnavyojua, wimbo wetu na wa Zambia una sauti moja, maneno ndiyo tofauti. Bwana Greda alisimama kwa wake. Wetu ulipopigwa, hakuketi. "Nisimame tu," alisema, "miguu yangu haijui tofauti." Watu wakacheka, na ile hofu ikapungua kidogo.

Tukafunga mapema. Sitaeleza kelele zilizokuwepo. Nilichokiangalia mimi ni sahani ya Bwana Greda. Alikuwa na wali na samaki, mtu anayekula vizuri siku zote. Kijiko kilisimama. Kabla ya mapumziko mchezaji wao akatolewa kwa kadi nyekundu, na Bwana Greda akaisukuma sahani pembeni.

"Bwana Greda," Deo alimwita toka upande wa pili, "stilwaya ziko nyuma ya mlango."

"Nyamaza, wewe dereva wa maji."

Ndugu zangu, sijawahi kusikia tusi tamu kama lile. Tangu tufahamiane, mtu yule alikuwa akimwita Deo rafiki yangu, mdogo wangu, pole sana. Leo alikuwa dereva wa maji. Kipindi cha pili Bwana Greda alitukana mabeki wetu, akamtukana kipa wetu kwa kulala chini, akasema tunapoteza muda, akasema mwamuzi ni shemeji yetu. Kila alichosema, moyo wangu ulipanda. Mtu hamtukani asiyemwogopa.

Mwishoni wakasawazisha kwa kichwa. Nilimtazama Bwana Greda nikitegemea aruke. Hakuruka. Aliweka kiganja kifuani akashusha pumzi ndefu.

"Mama," alisema, "leo nimewaogopa. Sikujua kama nitakuja kuwaogopa."

Filimbi ikalia. Bwana Mesi akasimama, akatazama huku na huku, akasema, "Sare. Wote." Deo na Bwana Greda wakaingia jikoni pamoja na kushika sufuria moja, huyu mpini wa huku, yule wa kule, wakibishana kama ile kadi ilikuwa halali. Hawakumaliza ubishi ule hadi sufuria ikang'aa kuliko ilivyotoka dukani. Hata hivyo timu yetu haikuvuka kundi; mechi ya mwisho ilikuwa sare nyingine, nasi tukaosha zamu yetu.

Mashindano yaliyofuata yalinikuta Mbingu, nikiwa nimeshamwambia Bwana Mesi kwamba magoti yananiomba likizo ya kudumu. Safari ile tulivuka kundi, jambo ambalo mimi nilidhani nitalisikia kaburini. Tukakutana na wenyeji wa mashindano. Wageni hawakusifu jezi. Mhasibu alikuwa na maoni juu ya beki wetu wa kushoto, Bwana Greda alitaka kiungo abadilishwe, na walipogombana kuhusu hilo ungedhani wamezaliwa Ifakara wote wawili. Tukafungwa bao moja. Mwishoni kabisa mchezaji wetu alianguka kwenye eneo la penalti. Mhasibu akasema ni penalti ya wazi, Bwana Greda akasema kijana aliteleza, wakawa kama wanataka kushikana.

Mpira ukaisha. Nilisubiri. Nilijua neno lile likitoka, "mumejaribu," nitastaafu nalo moyoni.

Mhasibu aliinuka. "Mama, maji ya moto yako wapi?"

Nikamwonyesha, nikijua anakwenda kuosha yeye tena. Akajaza ndoo, akaibeba hadi mbele ya Deo, akaitua. Juu yake akaweka stilwaya. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akakunja nne, akaomba chai.

"Na ile ya ukoko msiisahau," Bwana Greda akaongeza.

Mpishi haoshi, ndivyo sheria ilivyo. Mimi nilijifunga kanga kiunoni nikaosha na wadogo zangu wa kambi, nikachukua ile ya ukoko mwenyewe.

Sasa niko nyumbani Ifakara. Vijana wanaosomea upishi hunijia kuuliza juu ya kupalia na umri wa mchele, nami nawaeleza. Wengine huniuliza wageni wanaionaje timu yetu siku hizi. Huwajibu kwamba sijui ya Ulaya, ila kwenye bwalo letu la kambini nilitukaniwa kipa wangu, na ninamshukuru aliyemtukana.

Wiki iliyopita kulikuwa na msiba mtaa wa pili. Kijana mkusanya michango alifika mlangoni, akaniona nimekaa na mkongojo wangu.

"Shikamoo, bibi. Wewe umeshastaafu, usihangaike. Umesamehewa."

"Marahaba," nikamwambia. "Simama hapo hapo."

Nikaingia ndani kupima mchele.