Sifuri ya Dada

Juzi nilikuwa saluni Sekei, nasukwa, nikaanza kumsifia dada yangu. Si unaujua mdomo wangu. Msusi akachukua simu, akamtafuta mtandaoni, akampata kweli: mchezaji wa tenisi wa kulipwa, Tanzania, mechi moja, ushindi sifuri.

"Shosti, hata moja hakushinda?"

Rafiki yangu, nilitoka pale nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama. Anajua nini yule!

Hiyo simu haizijui asubuhi za Julai kwa bibi, baridi ya Meru inauma masikio, sisi tumeshatoka kukata majani ya ng'ombe, na dada anabamiza mpira kwenye ukuta wa ghala la kahawa, pwa, pwa, pwa, mpaka bibi anafoka jikoni kwamba loshoro ya ndizi inapoa. Mipira yenyewe ilishanyonyoka manyoya yote. Uwanja wetu ulikuwa udongo mwekundu nyuma ya migomba, mistari tunachora kwa majivu ya jikoni. Mvua ikipita, tunachora upya. Mpaka leo nikinusa ndizi na maziwa mgando, nausikia ule ukuta.

Yakaja mashindano ya watoto mjini. Bibi akavaa kitenge chake cha kanisani. Mwamuzi anatangaza kwa Kiingereza, na kwenye tenisi sifuri wanaiita "lavu". Bibi akamuuliza mwalimu, jirani yetu, maana yake nini. Mwalimu akamjibu, "Upendo, mama."

Basi! Dada anachapwa, mwamuzi anasema "thati-lavu", bibi anasimama mikono juu: "Amina!" "Foti-lavu." "Amina, mwanangu!" Watu hawana mbavu.

"Mnacheka nini?" bibi akawageukia. "Huyo mwenzake ana namba tu. Wangu ana upendo!"

Dada naye akacheka, akainama, kashika magoti. Alipoinuka alikuwa mtu mwingine. Alimkimbiza yule mtoto wa mjini kona mpaka kona, akashinda. Mimi sauti ilikauka siku mbili.

Hiyo haikuandikwa popote. Kilichoandikwa ni ile mechi moja ya kulipwa, ugenini, miaka mingi baadaye, alipoumia goti na ikawa mwisho.

Nilimpigia dada nimefura. "Nawaambia waifute hiyo sifuri!"

"We mtoto, tulia," akasema. "Nilipigwa kweli. Wafute nini?"

Ghala limevunjwa, wamejenga nyumba za kupangisha, migomba hakuna. Bibi tumemzika. Mwalimu nilimkuta sokoni Ngaramtoni, nikamwamkia shikamoo, nikamkumbusha siku ile. Akanishika mkono muda mrefu, halafu akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Kwa hiyo wa kwetu tuliobaki kusema dada alishinda ni mimi na dada mwenyewe, na yeye siku ile alikuwa anaangalia mpira; aliyeona yote ni mimi.